Tezi Kumi na Mbili, Zote Hasi

Nyumbani kwetu naitwa Kamusi. Si jina la heshima kama linavyosikika. Nililipata nikiwa na miaka kumi na minne, siku nilipomweleza mjomba maana ya neno "dhamana" kwa nusu saa nzima, kwa kujiamini kabisa, na nikakosea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo mtu akikwama kwenye neno lolote, hata la kwenye pakiti ya dawa ya panya, huniita mimi, na mimi, badala ya kujifunza kitu kutokana na aibu ile, huitika.

Kazi yangu ni kufundisha watu wazima kuendesha gari. Gari letu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja chini ya mguu wangu, na juu ya paa kuna kibao cheupe kilichoandikwa MWANAFUNZI pande zote mbili. Nimekaa kiti kile miaka kumi na saba nikiwaambia watu wageuke wapi, nao wanageuka. Kazi ya namna hii humharibu mtu. Unaanza kuamini kwamba ukisema jambo kwa sauti tulivu, basi unalijua.

Mama alikuwa na miaka sitini na mitatu alipogusa uvimbe kwenye titi lake la kushoto. Ni fundi cherehani, na wakati ule alikuwa na mapazia ya ukumbi mmoja mkubwa, kwa hiyo alikaa na uvimbe wake wiki tatu bila kumwambia mtu hadi pazia la mwisho lilipopata pindo. Ndipo akampigia simu Dada. Dada ni mwalimu mkuu wa shule iliyo mbali na kwetu, safari ya siku nzima kwa basi, na amezoea kutoa amri. Alinipigia na kunitaka niende na Mama hospitali kila siku atakayokwenda. Saa zangu za kazi zinapangika, alisema, na tena maneno ya madaktari nitayaelewa. Nikakubali haraka, maana nilikuwa nasubiri aseme hilo la pili.

Nikanunua daftari jipya na kalamu mbili.

Hospitali walimchoma Mama sindano nene wakachukua kinyama cha kupima, na baada ya siku kumi tukaitwa. Daktari alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuchora vijipicha pembeni mwa karatasi huku akizungumza. Alisema neno saratani bila kulizungusha. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka kwamba masikio yangu yalijaa mvumo, na kwamba nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Nilitikisa kichwa kwa kila sentensi. Daktari akitulia kupumua, natikisa. Mkono wangu ulikuwa unaandika peke yake. Mwishoni akauliza kama tuna swali, na Mama akageuka kunitazama mimi, msomi wake.

"Hakuna, Daktari," nikasema. "Tumekuelewa vizuri sana."

Ndani ya gari Mama akauliza daktari alisema ugonjwa uko hatua ya ngapi. Nikafungua daftari. Ukurasa mzima ulikuwa mistari ya kuchanganyikiwa, lakini katikati kulikuwa na tarakimu moja kubwa, 3, nimeizungushia duara, na pembeni neno "daraja". Nikamwambia hatua ya tatu. Mama akasema yeye alisikia ya pili. Nikatumia ile sauti yangu ya kazini na kumweleza kwamba ya pili ni namna tu wanavyoanza kuhesabu, ila yenyewe hasa ni ya tatu. Sentensi hiyo haina maana yoyote. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile na bado haina. Mama alinitazama muda mrefu kidogo, kisha akasema sawa, baba.

Dada nikampa habari hiyo hiyo: hatua ya tatu kati ya nne. Akakata simu ili alie vizuri.

Mama akafanyiwa upasuaji. Walitoa titi lote na tezi za kwapani, akarudi nyumbani na mrija wa kutolea maji wenye kifuko umening'inia ubavuni, akauita mkoba wake mpya. Majibu ya vilivyotolewa yalikuwa yasomwe na daktari siku ya Alhamisi, sisi sote tukiwapo. Mtu mwenye akili angesubiri Alhamisi. Mimi Jumatatu nilikwenda dirisha la kumbukumbu na kumsumbua karani mpaka akanipa ile karatasi ya muhtasari wanayomwandalia mgonjwa. Nikaisoma nimesimama kwenye ukumbi wa kusubiria, kati ya mizani ya kupimia uzito na mtu aliyesinzia.

Iliandikwa hivi: Kingo za upasuaji ni safi. Tezi za kwapani ni kumi na mbili, zote hasi. Vipokezi vya homoni ni chanya. Daraja la tatu. Tiba ya ziada itajadiliwa.

Niliichambua kwa utulivu wa mtaalamu. Kingo safi, hiyo nikaona ni sifa kwa watu wa usafi wa chumba cha upasuaji, nikawapongeza moyoni. Tiba ya ziada nikailinganisha na masomo ya ziada, ambayo kwa uzoefu wangu hupewa waliofeli. Vipokezi sikuvielewa kabisa, lakini vilikuwa chanya, kwa hiyo nikafarijika kwamba angalau kuna kitu kimoja mwilini mwa mama yangu kinaendelea vizuri. Kisha nikarudi kwenye zile tezi. Hasi. Shuleni hasi ilikuwa chini ya sifuri, mahali pabaya, mahali pa alama zangu za hesabu. Na hawakusema baadhi. Zote. Kumi na mbili.

Nikakaa juu ya mizani.

Saa nne nilikuwa na mwanafunzi, mama mmoja mwenye duka la rangi za nyumba, aliyekuwa ameshindwa mtihani wa kuegesha mara mbili. Sikuwa na nguvu za kumwahirishia somo. Nikaingia kwenye gari, nikamwambia twende, na kufikia taa za kwanza machozi yalikuwa yananitiririka na sauti inatoka. Akanitazama kwa jicho la pembeni, akatazama barabara, akanitazama tena.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kwani nimeharibu kiasi hicho?"

Nikamwashiria aendelee tu. Akaendelea. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsemesha, aliendesha vizuri kuliko siku zote, akaegesha kinyumenyume kati ya magari mawili kwa mara moja, kimya, kama anazika mtu. Baada ya wiki mbili alifaulu mtihani. Mpaka leo anawaambia wateja wake kwamba mwalimu wake alikuwa mtu mwenye uchungu na kazi.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa kitandani, ameegemea mito mitatu. Alijua nimetoka hospitali, maana siwezi kuficha jambo usoni. Akauliza karatasi imesema nini. Nikapiga moyo konde na kuamua kudanganya.

"Mazuri, Mama," nikasema. "Tezi zote safi. Hazina kitu."

"Zote?"

"Zote kumi na mbili."

Akafunga macho, akamshukuru Mungu kwa maneno machache, akaniomba chai. Nikaenda jikoni nikawasha jiko na kulilia sufuria la maji. Nilijiona shujaa. Nilijiambia kwamba nimebeba mzigo ambao hakuna mwana mwingine angeubeba, kwamba nimempa mama yangu amani ya siku zake za mwisho kwa uongo mmoja mtakatifu. Haikunijia hata kidogo kwamba kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze nilikuwa nimemwambia mtu ukweli.

Uongo nikaupeleka kwa Dada. Nilitoka uani nikampigia, nikamwambia huku nalia, tezi kumi na mbili, Dada, zote hasi. Dada alifundisha hesabu miaka ishirini kabla ya kuwa mwalimu mkuu. Akarudia neno hasi mara mbili, akasema anakuja.

Alifika Jumatano mchana na sanduku la kukaa muda mrefu. Hata viatu hakuvua. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akashika mkono wa Mama na kuanza kuomba msamaha. Nilidhani ni msamaha wa jumla, wa kukaa mbali. Kumbe alikuwa na jambo mahususi. Miaka thelathini na mitatu iliyopita gauni la bibi harusi, mali ya mteja, lilichomwa na pasi mgongoni, alama nzima ya pasi, na mimi nilichapwa kwa kosa hilo. Dada akasema ni yeye. Alikuwa anajaribu kuona kama pasi imepata moto.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika sahani ya matunda. Nimelaumiwa kwa gauni lile maisha yangu yote. Nilikuwa nimefika mahali pa kuamini kwamba kweli nililichoma.

Mama aliutoa mkono wake polepole. "Haya," akasema, "nani anakufa humu ndani?"

Dada alinitazama mimi, mimi nikatazama ndizi. Mwisho nikasema kwamba Jumatatu sikumwambia ukweli, kwamba karatasi haikusema mazuri, nikaitoa mfukoni ilipokuwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho. Mama akaomba miwani yake. Akasoma mstari kwa mstari kwa kidole, kama anavyosoma vipimo vya mteja. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Dada akaruka kumshika. Lakini Mama alikuwa anacheka, amebana mkono wa kulia juu ya kidonda kwa sababu kicheko kilimuuma, anacheka na kuguna, anatuomba tusimchekeshe ilhali sisi tulikuwa tumekodoa macho.

Alipopata pumzi akatueleza. Siku moja kabla ya upasuaji, mimi nikiwa nimekwenda kutafuta mahali pa kuegesha, alizungumza na muuguzi mkuu wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye kila mtu anamwita Sista.

"Nilimuuliza, Sista, mimi ni mtu wa kusali, nikisali usiku wa leo niombe nini hasa? Akaniambia, Mama, omba hasi. Wakizipima zile tezi za kwapani wasikute saratani. Hasi maana yake wametafuta na hawakuona."

Dada akakaa sakafuni na viatu vyake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba angeliweza kulijua hilo, kwamba hata vipimo vya malaria husomwa hivyo. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kupima malaria nikaambiwa hasi, nikafurahi. Akili yangu ilikuwa imelihifadhi neno hilo kwenye kabati mbili tofauti.

Kisha Mama akaniita nikae kitandani. Hakuwa anacheka tena. Nikamwomba radhi, nikaongea sana, kuhusu mvumo wa masikio na daftari na ile tarakimu tatu. Akaniacha nimalize.

"Hatua ya pili niliisikia mimi mwenyewe siku ya kwanza," akasema. "Sikukubishia kwa sababu niliona unaogopa. Wewe ukiogopa unaongea, tangu ulipokuwa mdogo. Nikasema acha aongee."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Nilikuwa nikidhani mimi ndiye ninayemuuguza.

Alhamisi tukaenda wote watatu. Daktari alithibitisha, na alipouliza kama tuna swali nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa na maswali kumi na tisa. Baada ya matano akacheka na kutukabidhi kwa Sista, ambaye alituketisha kwenye chumba kidogo chenye jokofu la dawa linalokoroma. Akaanza na ile tatu yangu. Hatua, akasema, ni ugonjwa umefika wapi: umebaki mahali pake, umeingia kwenye tezi, au umesambaa hadi viungo vya mbali. Daraja ni kitu kingine. Ni namna chembe za saratani zinavyoonekana kwa hadubini, zimebadilika kiasi gani na zina haraka gani ya kukua. Mama yuko hatua ya pili, chembe zake ni za daraja la tatu, yaani zina haraka, kwa hiyo na sisi tuwe na haraka. Kingo safi maana yake ukingoni mwa nyama iliyokatwa hawakukuta saratani. Sikumwambia kuhusu watu wa usafi. Vipokezi chanya ni habari njema kwa njia yake, kwani chembe hizo hutumia homoni kukua, na kuna vidonge vya kuzifungia mlango. Na tiba ya ziada si ya waliofeli. Ni ya kuwinda chembe ambazo huenda zimebaki na hazionekani kwa kipimo chochote.

Nikauliza kama ni lazima. Akasema anaishauri kwa nguvu zote. Dawa za dripu mizunguko sita, kisha mionzi, kisha vidonge. Nikauliza mzunguko ni nini, ingawa Dada alinikanyaga mguu. Ni siku ya dawa pamoja na wiki tatu za mwili kupumzika kabla ya dawa nyingine. Vizuri niliuliza, maana kichwani nilikuwa nimeona barabara ya mviringo na Mama akiizunguka mara sita.

Jambo moja Sista alilisema mara tatu, na akanitaka nilirudie. Dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Homa ikipanda hadi nyuzi thelathini na nane wakati huo, msisubiri kesho, msimpe kidonge cha kupoza mkalala. Mje hapa hapo hapo. Nikaandika, safari hii kwa herufi zinazosomeka.

Miezi iliyofuata haikuwa ya kuchekesha. Nywele zilianguka katika wiki moja. Chakula kilimnukia chuma. Alikaa mbele ya cherehani mikono mapajani, hana nguvu ya kutia uzi. Dada alirudi kazini akawa anapiga simu asubuhi na jioni, na siku hizi alikuwa ananiuliza kwanza, je, hilo umesema wewe au amesema Sista?

Siku ya kumi baada ya mzunguko wa tatu, saa nane mchana, Mama akasema anasikia baridi. Jua lilikuwa kali. Nikamshika paji la uso, na nakiri kwamba sentensi ilikuwa tayari mdomoni: hiyo ni dawa inafanya kazi, Mama, joto ndilo linalochoma ugonjwa. Ilikuja yenyewe, laini, na sauti yake kabisa. Nikaimeza. Nikachukua kipimajoto, kikaonyesha thelathini na nane nukta sita.

Gari pekee lililokuwapo lilikuwa la kazini. Nikaendesha kama ambavyo huwakataza watu kuendesha, kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, na barabara nzima ikanipisha kwa woga. Mama, anatetemeka ndani ya blanketi, akasema hajawahi kupewa heshima namna hii. Walimpima damu, wakakuta chembe nyeupe zimeshuka sana, wakamwanzishia dawa ya mshipa kabla hata sijapata kiti. Alilazwa siku nne. Daktari aliniambia kwamba tungesubiri hadi asubuhi, mazungumzo yangekuwa mengine. Nikaenda chooni nikanawa uso mara kadhaa.

Mzunguko wa nne ulisogezwa wiki moja, akamaliza yote sita, akamaliza mionzi iliyomwachia ngozi nyeusi kifuani kama imepitiwa na pasi. Dada alipokuja kututembelea akaiona, akaangalia pembeni. Akaanza vidonge vyake, kimoja kila siku, kwa miaka mitano angalau.

Baada ya miezi mitatu tukaitwa kwa uchunguzi. Daktari alimpima, akatazama picha, akachora kijipicha chake pembeni, akasema hakuna dalili ya ugonjwa. Nikamuuliza kama hiyo ina maana kwamba amepona.

"Ina maana leo tumetafuta na hatukuuona," akasema. "Tutatafuta tena, na tena. Neno kupona mimi huliweka akiba."

Mama akamuuliza kama huwa anatafuta vizuri. Akasema anajitahidi. Mama akasema basi yatosha, akachukua mkoba wake.

Tulipofika uwanjani kwenye magari akasema anataka kukaa kidogo. Kuna benchi la saruji karibu na lango. Tukakaa. Mwaka mzima sikumwona akilia, hata siku nywele zilipomjaa mkononi. Sasa akalia, bila kelele, huku akijifuta kwa ncha ya mtandio. Nikamshika mkono. Kisha na mimi nikaanza, na mimi si mtu wa kulia bila kelele. Watu waligeuka. Mlinzi wa lango akaja mbio na kikombe cha maji, akampita Mama, akanipa mimi, akauliza kwa huruma nimeambiwa nina nini.

"Hana kitu," Mama akamjibu. "Mgonjwa ni mimi, na mimi leo ni mzima. Yeye mwache tu, atamaliza."

Mlinzi akasimama kidogo akitutazama kwa zamu, akarudi langoni kufungulia gari lililokuwa linapiga honi. Nikanywa maji yote.